Huezekwa Kuanzia Chini

Kutoka Namdowola sauti ilifika vipandevipande:
"...chupa ya... amepauka... gari..."
kisha mvumo, kama mtu anakaanga korosho
mbele ya kipaza sauti.

Kulipokucha nikapanda mnara wa ukingoni, Newala,
mkanda kiunoni, kichomeo cha lehemu mkobani.
Chini yangu ukungu ulikuwa umeimeza Ruvuma yote,
hata Msumbiji ikabaki fununu.
Dadi alikaa chini ameshika kamba ya ndoo,
akihesabu vyuma ninavyokanyaga
kama karani wa mnada.

Huku juu maji hununuliwa.
Dumu linapanda na baiskeli kutoka bondeni
na bei yake inapanda nalo.
Mvua ikinyesha kila bati lina sufuria chini yake.
Lakini tone moja ambalo hakuna aliyelikinga
lilipata mlango kwenye waya mweusi wa antena,
likateremka mita kumi na moja, ndani kwa ndani,
bila kulipa.

Nikachana ganda kwa wembe.
Wavu wa shaba, uliopaswa kung'aa kama ndevu za muhindi mbichi,
ulikuwa kijani, unga mtupu, ukinipukutikia vidoleni.
Nikakata shibiri moja juu. Kijani.
Nikakata tena.
Kijani.

Hapo nikaanza kumtukana fundi wa mwanzo.
Alikuwa anafunga waya huyu, au mzigo wa muhogo?
Dadi akacheka, nikacheka naye,
wembe ukiendelea kupanda,
mpaka nikakifikia kiungo chenyewe
na tepu iliyoishia kwa ncha iliyokunjwa,
kisikio kidogo cha kumsaidia atakayekuja kufungua,
kama alivyonifundisha marehemu Mfaume Nangomwa,
na kama ninavyofanya, wilaya nzima, mimi peke yangu.

Mwaka juzi. Jioni. Wingu lilikuwa linakuja kutoka Kitangari
nami nilizungusha tepu kutoka juu kwenda chini, mbiombio,
kila mzunguko ukiacha mdomo wazi kuelekea mbinguni.
Nyumba ya bibi yangu haikuezekwa hivyo.
Nyasi zilianzia upenuni zikapanda,
ya juu ikailalia ya chini,
maji yakakosa wa kumuuliza njia.
Mtoto aliyewahi kumpokeza mwezekaji fungu moja tu
analijua hilo.

"Umeona nini?" Dadi akaita.
"Kutu," nikasema.

Nikakata mpaka shaba ikarudi kuwa shaba.
Upepo uliniibia moto mara mbili, nikaukinga kwa kofia.
Kiini kwa kiini: lehemu ikasita, ikang'aa, ikakimbilia ndani.
Kisha ule ute mweupe wa plastiki, kisha wavu juu ya wavu,
pasiwe na unywele hata mmoja unaogusa kiini,
maana unywele mmoja huziba mdomo wa tarafa nzima.
Mpira. Tepu. Kutoka chini.
Nikauacha waya utoe kitambi kidogo kabla ya kuingia kibandani,
ili tone likifika hapo lining'inie, lifikiri,
lianguke.

Ncha ya mwisho nilitaka kuiacha bila kuikunja.
Nikaikunja.

Ndani ya kibanda mshale wa mita ukalala kama paka aliyeshiba.
"Namdowola, Namdowola, hapa mnarani."
"Nakupata safi," akasema muuguzi Somoe. "Kumbe mpo."
Nikamwambia waya umepona.
Nikamwambia mvua za mwaka huu, unajua tena.
Halafu nikauliza kuhusu yule wa Jumanne.

Waya ulikuwa safi kiasi cha kupitisha kimya chake:
kuku, mlango, kalamu ikiwekwa mezani.

"Tulimbeba kwa machela hadi barabarani. Saa nne za usiku.
Yuko wodi namba mbili, hapohapo kwenu."
Akaachia kitufe. Akakibonyeza tena.
"Ndugu zake wako huku, hawana nauli.
Mpelekee maji."