Mashine Imesema

Nawapanga kwenye trei la mayai, thelathini kwa trei,
pini juu, kama miswaki iliyolala chali.
Huyu wa zambarau, mwenye kifuniko cha dhahabu,
alizaliwa kabla yangu. Nilimpata hapahapa Isevya
kwa bei ya kilo mbili za misumari.
Huyu wa kijivu, mia tatu themanini na sita mgongoni,
ana ufa mwembamba wa kauri, kama kikombe cha bibi.
Na huyu, toleo lake la kwanza lilikosea kugawanya:
kosa dogo tu, mbali kule nyuma ya nukta,
na wenye nazo wakadai wabadilishiwe.
Mbali nyuma ya nukta! Nilicheka
hadi mzee Kasanda akaacha kupima vyuma.
"Sema hiki," hunisahihisha. "Prosesa si mtu."

Kwetu Ulyankulu nukta haikuwa mbali.
Baba alikesha banini siku saba,
akichochea moto, akikohoa, akichochea,
akapeleka chamani marobota kumi na manne.
Akarudi na baiskeli ileile, bila mabati.
Mama akauliza.
Baba akakalia kinu kilicholazwa, akavua kiatu kimoja.
"Mashine imesema."
Tukanyamaza. Utabishana vipi na kitu
kisichokunywa chai, kisicho na shemeji,
kisichoweza kufuatwa nyumbani usiku na jogoo mkononi?

Mwaka jana wakafungua ghala la chama.
Mashine kumi na moja zilikuja juu ya mkokoteni,
mende wakishuka mmojammoja kama abiria.
Ya tisa ilikuwa na maandishi ya kalamu nene ubavuni:
MALIPO.
Niliingiza bisibisi, mkono ukakataa.
Nikanywa maji. Nikarudi.
Chini ya feni iliyoganda vumbi, mia nne themanini na sita,
mdogo kuliko biskuti,
akiwa ameng'ang'ania kiti chake kama karani asiyestaafu.

Nkwabi hutoka Kahama kila mwisho wa mwezi
na dumu la asidi, kidole gumba chake cha njano.
Anachemsha, anachuja, anapata punje ya dhahabu
unayoweza kuipoteza kwenye ukucha.
Nilimuuzia sitini na wawili, nikalipa ada ya Nyamizi.
"Na hicho cha mfukoni, dada?"
Nikamwambia hicho ni dawa ya jino.

Usiku nikafungua kopo la asali
ambamo mama alihifadhi stakabadhi.
Karatasi bado inanata pembeni, ina unyayo wa sisimizi.
Mbolea. Mifuko. Kamba. Ushuru.
Mengineyo.
Nikachukua penseli ya mtoto, nikajumlisha,
nikatoa, nikagawa kwa kilo.
Nilitaka kosa. Mungu anajua nilivyolitaka,
hata la senti, hata nyuma ya nukta.
Mara ya kwanza hesabu ikakaa sawa.
Mara ya pili.
Mara ya tatu taa ikaisha chaji
na hesabu imekaa sawa gizani.

Mengineyo ni herufi tisa.
Kuna kidole kilibonyeza vitufe tisa,
kikaweka tarakimu mbele yake,
kikaenda kula wali.
Huyu alipewa, akatoa. Alichoambiwa ndicho alichosema,
na baba akampa lawama zote, miaka yote,
hadi Kitete, wodi ya pili, kitanda cha dirishani.

Leo nimemsugua kwa mswaki na spiriti.
Pini moja imepinda. Nainyoosha kwa sindano ya cherehani
polepole, nimeziba pumzi, maana ikikatika haiungiki.
Huko stesheni behewa za Mpanda zinagongana.
Kasanda anashusha mlango wa bati.
"Hiki utakiweka wapi? Trei limejaa."
"Huyu," nasema.
Anautazama mkono wangu, anautazama mzani,
kisha, sijui kwa nini, anavua kofia.