Kiganja Kimoja Kila Upande

Mashine ya kukokota ndege tuliulizia Maskati.
Bei yake ni bei ya gari, jipya, lenye kiyoyozi.
Thuweiba akakata simu, tukacheka,
nami nikatoka kwenda kutafuta kamba.

Hapa Sinaw banda letu alilijenga fundi wa nyumba,
mtu aliyezoea kuogopa maji ya wadi,
akainua kizingiti vidole vinne, kama desturi,
kana kwamba ndege nayo huvua viatu mlangoni.
Vidole vinne kwa mgeni si kitu.
Kwa gurudumu la mbele ni mlima.

Basi tuna mbao mbili
za kitanda cha marehemu mama mkwe,
nimezichonga ncha ziwe mteremko.
Tuna winchi ya mkono, ya kuvutia boti,
riali kumi na mbili kwa mtu wa Sur
ambaye hakuuliza boti yangu iko bahari gani;
imekazwa bolti nne sakafuni, kule ndani ukutani.
Tuna mstari wa chaki nyekundu,
na mpira wa tenisi unaning'inia kwa uzi:
pua ikiugusa, basi,
usiongeze hata pumzi.

Sheria kaziandika yeye ukutani,
Kiswahili cha mamaye, mwandiko wa daktari:
*Usisukume kipande kinachochezacheza.*
*Usishike rafadha kwa ncha.*
*Akisema mtu SIMAMA, hata kama kakosea, simameni.*

Ijumaa ile, baada ya alasiri,
upande wa mchanga wa Wahiba
uligeuka rangi ya chai ya maziwa.
Upepo ulikuwa haujafika,
ila mifuko ya plastiki ilishaanza safari.
Thuweiba ndiyo kwanza ametua,
alama ya miwani bado nyekundu puani.
Mofizul akaacha maji yakitiririka kwenye majani ya ng'ombe,
akaja na kandambili zake mbio.

Bawa la kushoto ni lake.
Kwao Silheti alibeba vioo vya maduka,
anajua kutembea na kitu kisichosamehe.
Winchi ni ya Thuweiba.
Mimi ni mkia.

Nikaulalia pale panaporuhusiwa,
pua ikainuka kama ngamia anayesusa,
nikaizungusha taratibu hadi mstari ukanyooka,
nikaishusha.
Tik, ikasema winchi. Tik. Tik.
Mbao za kitanda zikalia sauti ambayo nadhani
mama mkwe angeitambua.

Nguzo ya kulia ina alama ya bluu,
urefu wa kijiti cha kiberiti.
Mwaka jana, siku niliyojifanya najua.
Sijaifuta. Kila mara naipita nikiitazama
kama mtu anavyopita nyumba ya anayemdai.

"Simama!" Mofizul. Tukasimama.
Hakukuwa na kitu; jasho limemwingia jichoni.
Hakuna aliyemlaumu.
Tik.

Sokoni huniuliza: mkeo anaruka, wewe je?
Sijapanda hata siku moja, wala sitapanda.
Huko juu ni nyepesi, naambiwa, ni ya kwake,
sijui huwa inamfanyia nini.
Mimi naijua hapa chini:
kilo mia tatu na kumi, na zaidi akibakiza mafuta;
najua gurudumu lipi huvutia kushoto,
najua joto la tumbo lake dakika kumi baada ya kutua,
najua kwamba kati ya bawa na nguzo
pana kiganja kimoja kila upande,
kiganja changu, si cha Thuweiba. Chake ni kidogo.

Mpira ukatikisika.
Matofali mawili mbele ya magurudumu, mawili nyuma.
Tukavuta mlango, na mchanga ukaufikia
kama mchele unaomwagwa juu ya sinia.

Tukasimama gizani, watatu, tukihema.
Akanishika mkono, akaupima na wake bila neno.

"Maji!" akapiga kelele Mofizul,
akapenya mlangoni, akatokomea vumbini kuliwahi shamba.
Kandambili moja ilibaki
juu ya mstari wa chaki,
imeelekeza pua ndani.