Mafuta ya Bawaba

Elfu kumi na nane na mia tatu.
Nimeziandika juu ya ukurasa, nikapiga mstari kwa rula
kama nilivyowafundisha watoto wa darasa la nne:
kwanza ulichonacho, halafu unachotaka,
na visipolingana, usiilaumu rula.

Dalali, kijana Mutiso wa viatu vilivyochongoka,
alizunguka vyumba vyote akipiga kuta konzi.
"Mama Syombua," akasema, "chema chajiuza."
Akanyamaza hapo, kwa adabu.
Nusu ya pili niliimalizia mwenyewe alipoondoka.
Nyumba yangu si njema wala si mbaya.
Imechoka tu,
na Buruburu nzima hakuna anayenunua uchovu.

Nikaenda Gikomba. Mapazia mawili ya mtumba, mia sita,
nikayafua mara tatu: jasho la wageni likatoka, maua yakabaki.
Rangi ya krimu, lita nne.
Fundi Shisia akanikata jicho. "Hii ni ya kuta mbili, mama."
Basi paka mbili zinazoonekana ukiwa mlangoni.

Doa la dari chumbani, lenye umbo la Ziwa Turkana,
nililolitazama miaka saba nikiwa chali,
alilipaka mara mbili, mara tatu.
Kila asubuhi ufuo wake ukarudi,
uzi mwembamba wa njano.

Soketi ya jikoni ilikuwa ikitema cheche.
"Wengine husogeza friji mbele yake," Shisia akasema,
bila kunitazama.
Elfu moja na mia nane. Nikazihesabu mkononi mwake.
Kuna mtoto wa mtu atakayekuja kuchomeka simu pale.

Bogonvilia nilipogoa mwenyewe, bure;
miiba ikajilipa kwenye mikono.
Nikamwambia Mutiso awalete watu wake Jumanne,
siku ambayo bomba hukumbuka kazi yake.

Chini kabisa ya ukurasa:
mafuta ya bawaba, mia na ishirini.
Sikulifikiria mara mbili hilo.

Geti letu lilikuwa na sauti.
Kwa Syombua lilipiga ukelele mmoja mfupi,
maana alilisukuma kwa goti, vitabu vimejaa mikononi.
Kwa Mbithi lilinguruma inchi kwa inchi, saa saba usiku,
kijana akijihadhari asiiamshe
nyumba iliyokuwa macho tayari.
Kwa baba yao lilifunguka nusu, likasita.
Alikuwa akisimama pale kumalizia sigara
niliyotakiwa nisiijue.
Katika kusita kule nilishainjika chai.
Kisha nusu ya pili.

Tangu Agosti ile halijasita tena.

Shisia akadondosha matone manne, mawili juu, mawili chini,
akalivuta, akalisukuma.
"Sikia!" akasema kwa fahari.
Nikasikia jirani akitwanga kitunguu saumu.
Nikasikia kuku wa mtaa wa nyuma.
Nikamlipa, akaenda zake, na hata kutoka kwake
sikukujua.

Jumanne nilikuwa jikoni, nimeupa mlango mgongo.
Nilipogeuka kulikuwa na watu watatu ndani ya sebule yangu,
wameangalia kuta mbili za krimu,
na mmoja akasema "hodi" kwa kuchelewa, kama anayeomba radhi.
Karibuni, karibuni. Nikafuta mikono kwenye kanga.

Mwanamume aliuliza kuhusu mtaro, na mkondo wa maji ya mvua.
Mtoto alilitambua ziwa, akanyoosha kidole, akanyamazishwa.
Mwanamke alifungua bomba, likatii, akatikisa kichwa polepole,
akasema kilichomfurahisha zaidi ni lile geti,
jinsi lilivyo laini, hata halisikiki.

"Ndiyo," nikasema.
"Hata mimi ndio kwanza nalizoea."