Matone

Karanga aliinua mguu penye nguzo ya stima,
nguzo ileile ya kila alfajiri, hapa Buruburu,
akasubiri.
Nami nikasubiri, kamba mkononi, sweta juu ya pajama,
baridi ya Julai ikinipekua mifuko.
Matone matatu.
Akashusha mguu, akanusa, akauhamia ukuta wa Mama Nduku,
akainua tena. Tone moja.
Mlinzi wa geti akaangua kicheko:
"Mzee, mbwa wako leo anatia sahihi tu!"

Na mimi nikacheka.

Wiki nzima nilikuwa nikimfokea.
Dimbwi jikoni. Dimbwi nyuma ya kochi.
Dimbwi kwenye zulia la marehemu Kemunto,
alilolilipia chama miezi kumi na minne.
Nilimwita mzembe, nilimwita mzee asiye na haya,
nikawa nalificha bakuli lake tangu magharibi,
nikidhani kiu ndiyo mama wa makosa.
Naye akinitazama tu,
masikio yamelegea kama sukuma wiki ya juzi.

Jumamosi nikaona wekundu kwenye simenti,
hafifu,
kama maji yaliyosuuza nyama.

Kule Kabete, Daktari Syombua alimpapasa tumbo
polepole, kama mtu atafutaye swichi gizani.
"Tangu lini?"
"Tangu juzi," nikasema. Uongo.
Akaukinga mkojo kidogo, akauinua dirishani
kama mnunuzi wa asali asiyemwamini muuzaji.
Kisha ile picha: kibofu kama mwezi wa kijivu,
na ndani yake mawe matano
manene kama punje za githeri.

"Huyu si mkaidi," akasema.
"Amekuwa akibisha hodi
kwenye mlango uliokomewa.
Na maji? Anakunywa?"
Nikavitazama viatu vyangu.
"Mzee, maji ndiyo yanayoosha.
Ukimnyima, mkojo unakuwa mzito,
chumvi inatuama, inashikana, inazaa jiwe.
Bakuli lijae mchana na usiku.
Na siku atakayojikamua asitoe hata tone,
usingoje kukuche."

Wakampasua Jumatatu.
Mawe nikapewa ndani ya kichupa cha dawa.
Nimekiweka juu ya redio. Sijui kwa nini.
Lori likipita barabarani
yanagongana humo ndani, tiki, tiki.

Sasa saa nane za usiku tunaamka wote wawili.
Namfungulia mlango wa uani
na kupitia dirisha dogo la choo namsikia:
mfululizo, mrefu, unaopiga majani ya mchicha
hadi nami natabasamu peke yangu.
Kisha zamu yangu.
Mkono ukutani, paji la uso kwenye vigae vya baridi,
nasubiri.
Matone matatu. Nahesabu. Moja.
Mwaka wa pili huu.
Binti yetu Moraa akiuliza kwenye simu
namwambia ni baridi ya Nairobi, mama, si kitu.

Nikigeuka, Karanga amesharudi, ameketi kizingitini,
shingo ndani ya ile koni ya plastiki.
Hafoki.
Bakuli langu hajawahi kulificha.

Alhamisi anatolewa nyuzi.
Njiani kuna hospitali ya watu
ambayo huipita nikitazama upande wa pili.
Kamba ninayo mkononi.
Sijui siku hiyo
nani atamvuta nani.