Kumbukumbu za Kikao cha Nne

Naandika kwa Kiarabu, ndiyo kazi niliyoajiriwa.
Kiswahili nakiweka pembeni ya daftari
kwa penseli, herufi za mchwa,
mwenyekiti asikoangalia.

Ajenda ya tatu: shule ya Hajarat Sidri
iunganishwe na shule kubwa ya Ibra mjini.
Wanafunzi sitini na mmoja. Walimu tisa.
Karatasi inasema *kuunganisha*.
Mama yangu, mzaliwa wa Wete, angelisoma neno hilo,
angevua miwani, aseme: kumeza.
Hata chatu huungana na mbuzi.

Mhandisi wa Wizara ameuwasha ukuta.
Mstari wa buluu ni barabara,
wa kijani ni fedha itakayookolewa,
dakika ishirini na tano, mlango hadi mlango.
Kiyoyozi kinanguruma, kahawa inazunguka,
wajumbe mmoja mmoja wanatikisa vikombe:
basi, tumetosheka.

Ndipo Muhanna bin Sulayyim, muuza matairi,
ambaye tangu achaguliwe hajamaliza mstari mzima
(daftari zote ninazo, najua),
akauliza: "Ishirini na tano za nani?"

Kumbe Jumapili, kabla ya jua,
alilifuata nyuma basi la wakubwa
wanaosoma mjini tayari.
Likasimama kwa Bi Ghaniya. Likasimama penye pampu.
Likawasubiri mapacha, mmoja kakosa kiatu.
Kwenye wadi, hamna maji, mawe matupu,
dereva alipita kama aliyepakia mayai.
"Hamsini na nne," akasema,
na simu akaiweka mezani, saa bado imeganda hapo.
"Hao wana miaka kumi na sita. Wenu wana sita."

"Na wadi likishuka?"
"Watasoma kwa mtandao," akajibu mhandisi.
"Mtandao wetu uko juu ya tangi la maji.
Nitawapandisha wangapi?"

Watu wakacheka. Rayya bint Zahir hakucheka.
Mwalimu mstaafu, pale pale Hajarat Sidri, miaka kumi na mmoja.
"Darasa langu la tatu lilikuwa na watoto wanne.
Msichana mmoja, miaka yote hana wa kukaa naye.
Maabara yetu ilikuwa kabati, na kabati halikuwa na ufunguo.
Msiililie shule kabla hamjauliza ilikuwa inaumwa nini."

Kimya. Kweli mbili zimeketi meza moja
na hakuna iliyomsalimia mwenziwe.

Penseli yangu ikaenda peke yake:
nilishuka nchi hii na miaka saba, sina neno la Kiarabu.
Darasa la watoto watano.
Mwalimu alipata wasaa wa kunishika kidole
tukaizungusha *dhadi* mchangani asubuhi nzima,
na kesho yake tena.
Kwenye darasa la arobaini
ningekaa nyuma, ulimi mfukoni.
Lakini mimi ni karani. Karani hana kura,
na la mwaka ule si hoja ya mwaka huu.
Nikalifuta nusu.

Azimio: pendekezo lisubiri.
Kamati ipande basi, siku ya masomo,
viti vya nyuma, mara tatu;
na Bi Rayya awemo, aihesabu maabara ya mjini
kama nayo ina ufunguo.
Mhandisi akauzima ukuta. Hakukasirika, alichoka;
nadhani naye ana watoto.

Mwenyekiti akaniinamia: "Andika,
wajumbe walijadili kwa kina."
Nikaandika.
Kisha, bila kuambiwa, kwa wino, kwa tarakimu: 54.

Mhudumu akarudi na birika.
Wote wakatikisa vikombe, wakitafuta viatu.
Muhanna alikishika chake wima, hakukitikisa.
Akamiminiwa tena.