Kisanduku cha Hakuna

Ingia, Heddwyn. Funga mlango. Upepo wa Bangor hauna adabu,
utanipeperushia Machi nzima.
Koti litundike juu ya kipasha joto. Kimekufa tangu Jumatatu,
lakini koti halijui.

Umekuja na ombi lako, kurasa arobaini na moja,
na sura ya mtu aliyekuja kukopa.
Basi nikwambie tulichonacho,
maana barua ya kamati imekisema kwa lugha ya kamati.

Fedha ipo, kidogo. Italipa stempu, karatasi,
na nusu ya kila Alhamisi ya Bwana Emrys wa takwimu,
anayekula mkate na jibini huku akiitazama hesabu yako
kama fundi anayesikiliza saa ya mtu mwingine.
Akiguna mara moja, futa.
Akiguna mara mbili, anza upya.

Watu wa maadili watakurudishia fomu. Usilie.
Kila mtu hurudishiwa. Kwenye droo ya chini
ninazo nakala za waliokutangulia, na machozi yao.

Kamati ni madaktari saba na mama mmoja.
Muogope mama. Anaitwa Nerys Tudur,
mwanawe aliishi miaka minne na kitu.
Ndiye aliyeishika fomu ya mwenzako wa mwaka juzi
akalikata neno "kesi" kila lilipokaa,
mara kumi na tisa,
akaandika juu yake "mtoto".
Mwenzako akalalamika kwamba sentensi zimekuwa nzito.
Akajibiwa: zilikuwa nzito tangu mwanzo.

Na kadi zipo. Hizi.
Kila mwezi, kila daktari wa watoto kutoka Môn hadi Penfro
hupata moja. Magonjwa manane, yale ya nadra,
na chini kabisa kisanduku: Hakuna.
Wageni hucheka. Nani alipie stempu
kusema hakuna?
Kimya, kijana wangu, si jibu.
Kimya chaweza kuwa afya, chaweza kuwa likizo,
chaweza kuwa kadi iliyoangukia nyuma ya kabati.
"Hakuna" yenye alama ni mtu aliyeangalia.

Daktari Prydderch wa Dolgellau alinirudishia Hakuna
miaka kumi na mmoja, kwa wino wa buluu,
mara nyingine na doa la chai.
Nilimjua kwa mkia wa alama yake, uliopinda kushoto.
Uso wake sijapata kuuona.
Februari ile alama ikaja juu, si chini.
Mmoja. Msichana, miezi tisa, shingo imelegea kama uzi.
Pembeni: Pengine nimekosea. Sijapata kuona.
Jumanne ikaja ya Wrecsam. Mmoja. Sijapata kuona.
Ijumaa ya Penfro, mwandiko wa usiku wa manane:
Mmoja. Je, kuna mwingine yeyote?

Nilizipanga tatu juu ya meza hii, hapa penye alama ya kikombe.
Mimi, karani, nisiyeweza hata kulitamka jina la ugonjwa,
nikawa wa kwanza katika nchi nzima
kujua kwamba hawako peke yao.
Nikasimama. Nikaketi. Nikashika simu.

Husemwa mkono mmoja haulei mwana.
Wala haumhesabu.

Wawili walipona. Si watatu.
Usiniulize leo ni yupi.

Haya, vua glavu. Kadi mia tatu na kumi na mbili
ziondoke kabla ya gari la posta la saa kumi.
Tumia sifongo, usilambe, gundi hii hukausha ulimi.
Unaona orodha? Manane.
Lako, likipita, litakuwa la tisa.
Nimekwisha kuliachia nafasi,
mstari mmoja, juu ya Hakuna.