Hesabu ya Jezi

Mwezi wa nane zilikuja ndani ya nailoni,
kumi na saba za kijani cha mkonge, moja ya njano ya kipa,
zanukia duka.
Katibu akasema: Bi Mwanakheri, hii ni mali ya klabu,
zitoke kwako kumi na nane, zirudi kumi na nane.
Nikasema haya.

Sijawahi kuingia Mkwakwani siku ya mechi.
Huku Ngamiani nafunga kamba zangu,
nausikia uwanja ukiguna, ukipiga yowe,
lakini kelele haziaminiki:
watu hushangilia hata mbwa akikatiza golini.
Mimi nangoja gunia.

Wakishinda, jezi hupungua.
Wamezivua, wamewarushia watoto wa Makorora,
na Katibu afoka mpaka mishipa ya shingo imsimame,
huku anacheka.
Wakifungwa, zote zatimia.
Nani alitaka jasho la aliyefungwa?

Septemba zilipungua tatu. Oktoba mbili.
Nikasema, mwaka huu tutabakiwa na soksi.

Kisha safari. Songea, Musoma, Shinyanga,
basi lenye turubai badala ya kioo,
na gunia larudi vilevile lilivyotoka:
udongo mwekundu usiosikia sabuni,
udongo mweusi unaoganda kama uji.
Nchi nzima nimeijulia kwenye beseni.
Januari, Shemdoe, namba tisa, akauzwa Dar.
Jezi yake akapewa kijana mwembamba,
ikamvaa yeye.
Mshahara, miezi mitatu, ni maneno.
Sabuni nakopa kwa Hemedi;
kwenye daftari lake mimi ndiye ninayeongoza ligi.

Siku ya mwisho ilitakiwa sare tu.
Asubuhi nilitoa kumi na tatu, zilezile za tangu Oktoba.
Jioni uwanja ulipiga yowe mara moja, halafu kimya,
kimya hata nikasikia kucha za kunguru juu ya bati.
Gunia likaja. Aliyelileta hakunitazama.
Nikahesabu: kumi na mbili.
Nikaanza upya, kwa bismillahi.
Kumi na mbili!
Imerushwa moja! Na nani hurusha jezi akishuka daraja?
Nikajaza beseni kubwa,
nikajikuta naimba.

Baada ya isha, hodi.
Singano, kipa wetu, bado ameivaa,
katembea peke yake toka uwanjani, njia ya mzunguko,
damu imemkaukia magotini.
"Nisamehe, mama. Nilisahau kuvua."

Nikampa kanga ajitande.
Kumi na tatu.
Ile ya njano nikailoweka kando,
isije ikawachujia wenzake.